Je, wajua kwa nini kasoro ya simu ya mwenzako huwa kubwa kuliko ya simu yako?

Pita kijiwe chochote cha bodaboda Arusha, iwe Kilombero, Ngarenaro au kule Sakina, ile saa abiria wamepungua. Utakuta mjadala ambao haujawahi kufungwa: Boxer au TVS? Boxer ikimsumbua mwenyewe, kosa ni la vumbi, au la fundi aliyeweka oili ya kupima. TVS ya jirani ikisumbua kwa shida ile ile, hakuna cha vumbi wala fundi: "Nilikwambia chalii wangu, zile si pikipiki." Mwenye TVS naye ana hotuba hiyo hiyo, majina tu yamebadilishana viti. Sasa hamishia ubishi huo kwenye grupu la WhatsApp, weka iPhone na Samsung mahali pa Boxer na TVS, uone. Kabla jua halijazama kuna aliyeitwa mshamba, kuna aliyeitwa chawa wa kampuni, na kuna aliyejitoa kwenye grupu bila kuaga.

Wazee walishaliona: mwamba ngoma huvutia kwake. Ila methali inatuambia tu kwamba mtu anavuta. Haituambii kama mwenyewe anajua kuwa anavuta. Wanasaikolojia wamelihangaikia swali hilo kwa zaidi ya miaka 70, na jibu lao ni kwamba mara nyingi hajui. Hapo ndipo hasira zinapoanzia, tutaona ni kwa vipi.

Kwanza tuone kipimo kinavyogeuka. Septemba 2016 Apple walitoa iPhone 7 bila tundu la hedifoni. Samsung wakawacheka kwenye matangazo yao, na wapenzi wao wakacheka nao. Agosti 2019 Samsung wenyewe wakatoa Galaxy Note 10, nayo haina tundu. Oktoba 2020 iPhone 12 ikaja bila kichwa cha chaja ndani ya boksi. Samsung wakaweka bandiko la kejeli mtandaoni, kwamba kwao chaja ipo. Januari 2021 Galaxy S21 ikatoka bila kichwa cha chaja, na lile bandiko likawa limeshafutwa. Watu waliokuwa wakiita jambo lile wizi wa mchana wakaanza kuuliza kwa upole: kwani nani hana kichwa cha chaja nyumbani?

Upande wa pili nao si malaika. Kwa miaka mingi mwenye iPhone alikueleza kwamba waya wake ni wa aina ya peke yake kwa sababu ni bora. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya kuzitaka simu zote zinazouzwa kwake zitumie tundu moja la USB-C kuanzia Desemba 2024. Septemba 2023 iPhone 15 ikaja na tundu hilo, na ghafla ikawa ni maendeleo makubwa, ingawa simu za Android zilizojaa kwenye maduka ya Arusha zilikuwa nalo siku nyingi.

Ukiyasoma hayo haraka utasema watu ni waongo. Mimi sidhani hivyo, na jaribio linalonishawishi halikuhusu simu hata kidogo.

Novemba 1951 vyuo viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilikutana kwenye mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbatiana na kuangushana. Mechi ikageuka vita. Nyota wa Princeton alitoka na pua iliyovunjika, mchezaji mmoja wa Dartmouth akavunjika mguu, na magazeti ya vyuo yakaanza kurushiana lawama. Watafiti wawili, Albert Hastorf wa Dartmouth na Hadley Cantril wa Princeton, wakaichukua filamu ya mechi hiyo, wakawaonyesha wanafunzi wa pande zote mbili na kuwaomba waandike kila faulo waliyoiona. Filamu ni moja. Lakini wanafunzi wa Princeton waliwahesabia Dartmouth faulo zaidi ya mara mbili ya zile ambazo wanafunzi wa Dartmouth waliziona kwa timu yao.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na ndani yake mna kisa ninachokipenda kuliko takwimu zote. Filamu ilipelekwa kwa wahitimu wa Dartmouth waliokuwa mbali. Mmoja wao aliitazama, akatafuta zile faulo zilizokuwa zikipigiwa kelele, hakuziona. Akapiga telegramu: inaonekana sehemu muhimu imekatwa, tafadhali nitumieni kipande kilichobaki kwa ndege. Mtu anayedanganya hahangaiki kupiga telegramu. Yule bwana aliamini kabisa kwamba filamu ina pengo, kwa sababu macho yake hayakuona kitu.

Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford walisogea hatua moja mbele. Walichukua wanafunzi, nusu wanaunga mkono adhabu ya kifo na nusu wanaipinga, wakawapa wote tafiti mbili za kusoma: moja inaonyesha adhabu hiyo inapunguza mauaji, nyingine inaonyesha haipunguzi. Tafiti hizo zilikuwa za kutungwa, na watafiti walikuwa wakizibadilishia mbinu, ili mbinu ile ile mara iunge mkono upande huu na mara upande ule. Mbinu ikileta jibu linalopendwa, ilisifiwa. Mbinu hiyo hiyo ikileta jibu chungu, ilichambuliwa kama mchele wenye mawe. Walipomaliza kusoma ushahidi uleule mmoja, pande mbili zilikuwa zimeachana zaidi kuliko walipoanza.

Thomas Gilovich, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cornell, amelieleza hilo kwa maswali mawili. Habari tunayoipenda tunaiuliza: je, naweza kuiamini? Habari tusiyoipenda tunaiuliza: je, nalazimika kuiamini? Maswali hayo yanafanana kwa sura tu. La kwanza linatosheka na sababu moja ya kukubali, la pili linatosheka na sababu moja ya kukataa, na sababu moja haikosi kupatikana. Video ya kupima betri ikionyesha simu yako imeshinda, unaituma kwenye grupu palepale. Ikishindwa, unaanza kuuliza mwanga wa kioo uliwekwa kiasi gani, laini zilikuwa mbili au moja, na nani alimlipa aliyerekodi. Maswali mazuri kabisa. Shida ni kwamba yanaulizwa siku za kushindwa tu.

Kwa nini mtu ashikamane hivyo na kitu cha dukani? Sababu mojawapo ni pesa, lakini si kwa namna tunayofikiri. Mwaka 1956 Jack Brehm aliwaomba wanawake wavipime kwa alama vyombo vya nyumbani, kisha akawaachia wachague kimoja kati ya viwili kuwa zawadi yao. Alipowaomba wapime tena muda mfupi baadaye, kile walichokichagua kilikuwa kimepanda alama, na kile walichokiacha kimeshuka. Vyombo ni vilevile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna uamuzi wa kuutetea. Mwaka uliofuata Leon Festinger aliitoa nadharia yake kuhusu tabu anayoipata mtu akiwa na mambo mawili yasiyopatana kichwani, kama vile "mimi ni mwerevu" na "nimenunua kitu kibovu". Moja lazima lipishe, na mara chache huwa ni lile la uwerevu.

Lete hilo hapa. Vijana wengi wa bodaboda hawanunui pikipiki kwa pesa ya mkononi. Wanaichukua kwa mkataba, wanapeleka hesabu kwa tajiri siku baada ya siku, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka kadi ije kwa jina lao. Mtu aliyepeleka hesabu mwaka mzima kwa ajili ya pikipiki fulani, halafu unamwambia mbele ya wenzake kwamba alichagua vibaya, umegusa zaidi ya injini.

Sababu nyingine inachekesha, kwa sababu inaonyesha tunahitaji kidogo sana ili kugawanyika. Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyenusurika Vita Kuu ya Pili akiwa mateka wa kivita, alitaka kujua chuki ya makundi inaanzia wapi. Akiwa Bristol, Uingereza, aliwachukua wavulana wa shule na kuwagawa, akiwaambia kwamba wengine wamependa michoro ya Paul Klee na wengine ya Wassily Kandinsky. Kwa kweli aliwagawa kwa bahati nasibu. Hawakujua nani mwingine yuko kundi lao, hawakuzungumza, na hawakuwa na faida yoyote binafsi. Walipopewa nafasi ya kugawa vijisenti, waliwapendelea wa kundi lao. Zaidi ya hapo, wengi walikuwa radhi kundi lao lipate kidogo, ili mradi tu lipate kuliko lile jingine. Matokeo yalitoka mwaka 1971.

Ndiyo maana ubishi wa Tecno na Infinix hunichekesha kwa namna ya pekee. Hizo simu mbili, pamoja na itel, ni za kampuni moja: Transsion, yenye makao Shenzhen, China. Watoto wa baba mmoja wanatukanishwa na wateja. Na huko juu kwa wakubwa hali ni hiyo hiyo. Apple waliwashtaki Samsung mwaka 2011 kwa madai ya kuiga iPhone, wakasumbuana mahakamani hadi walipoelewana mwaka 2018. Katikati ya kesi hizo, iPhone X ya mwaka 2017 ilitoka na kioo kilichotengenezwa na Samsung. Wenye kampuni walikuwa wakishitakiana kwa mkono mmoja na kulipana kwa mkono wa pili. Aliyevunja urafiki kwa ajili yao ni huyu wa kwenye grupu.

Hadi hapa tumepata upendeleo, bado hatujapata matusi. Mtu anaweza kuvutia ngoma kwake na akabaki mpole. Kinacholeta ukali ni imani moja ya ndani ambayo Lee Ross, yule yule wa jaribio la 1979, aliiandikia sana: kila mmoja wetu anahisi kwamba anaiona dunia kama ilivyo. Ukishaamini hivyo, anayekupinga utamwelezaje? Unaanza kwa huruma: hajapata habari, ngoja nimtumie video. Ameiona video na bado anabisha? Basi hana akili ya kuelewa. Kumbe ni msomi, ana akili zake? Basi analipwa, ni chawa. Fuatilia ubishi wowote wa simu uliochacha, utaziona ngazi hizo tatu zikipandwa kwa mpangilio uleule. Na kwa kuwa yule wa pili naye anapanda ngazi hizo hizo kwa upande wake, wanakutana juu, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake anaona ukweli na anauficha makusudi. Kukosea husameheka. Kuficha makusudi ni jambo jingine kabisa, na ndilo linalotukaniwa.

Maskini admini wa grupu, yeye anakula kotekote. Mwaka 1985 Robert Vallone, Ross na Lepper waliwaonyesha watu wanaoiunga mkono Israel na wanaowaunga mkono Waarabu habari zile zile za televisheni za Marekani kuhusu mauaji ya Beirut ya mwaka 1982. Wote wawili walilalamika kwamba habari zile zimependelea upande wa pili. Admini akimwonya mmoja na akimwonya mwingine kwa usawa, kila mmoja ataona yeye ndiye aliyeonewa.

Lakini kuna kitu hakikai sawa. Kama kila mtu ana upendeleo huo, mbona kijiweni hawatukanani kiasi hicho? Simba na Yanga wamekuwa wakivutana tangu miaka ya 1930, na kila dabi huacha penalti ambayo nusu ya nchi imeiona na nusu haijaiona. Hata hivyo shabiki wa Yanga na wa Simba wa Kijenge hunywa kahawa kwenye benchi moja Jumatatu asubuhi, wanachambana mpaka machozi, kisha kila mtu anaenda kazini.

Kinachowashika hapo ni utani, na utani si kuropoka. Una taratibu zake. Hapa kaskazini Wachaga na Wapare wanajulikana kwa utani wao: mtani ana ruhusa ya kukusema kuhusu pesa, kuhusu ubahili, hata msibani kwako anaweza kufanya vituko ambavyo mtu mwingine angefukuzwa kwa kuvifanya. Ruhusa hiyo ina masharti. Ni lazima pande zote zijue kwamba nyinyi ni watani. Ni lazima kuwe na zamu, leo wewe kesho mimi. Na kubwa zaidi, mtani anayekuchamba msibani ndiye huyo huyo anayesaidia kuchimba kaburi. Maneno yanakuwa makali kwa sababu uhusiano hauna shaka. Wapenzi wa Simba na Yanga walipoitwa watani wa jadi, walirithi na masharti hayo.

Sasa utani unaishi kwenye sauti, kwenye jicho, kwenye kile kicheko kinachotangulia neno. Maandishi yanavua vyote hivyo. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake waliwaomba watu waandikiane baruapepe, baadhi za dhati na baadhi za kejeli, kisha wakisie kama mpokeaji ataitambua ipi ni ipi. Waandishi walitarajia wataeleweka karibu mara 8 kati ya 10. Wapokeaji walipatia zaidi kidogo ya nusu, yaani karibu sawa na kurusha shilingi. Kwa sauti tofauti hiyo ilikuwa ndogo sana. "Kwa hiyo ulitoa hela ukanunua hiyo?" Iseme kijiweni ukiwa umemshika mwenzako bega, mtacheka. Iandike kwenye grupu lenye watu mia mbili, wakiwemo mashemeji zake, na umewasha moto.

Wengi hudai kwamba ukali wa mtandaoni unaletwa na kujificha nyuma ya majina bandia. Nina mashaka. Magrupu yetu mengi namba ziko wazi, na anayetukana ni mtoto wa mama fulani anayefahamika mtaa mzima. Mwaka 2022 Alexander Bor na Michael Bang Petersen wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walichapisha utafiti wao kuhusu ubishi wa kisiasa Marekani na Denmark. Waligundua kwamba walio wakali mtandaoni ndio walewale walio wakali hata ana kwa ana. Tofauti ni kwamba mkali wa kijiweni husikiwa na watu sita, na wa mtandaoni husikiwa na kila mtu. Ongeza na hili: William Brady na wenzake walichambua zaidi ya jumbe laki 5 za Twitter mwaka 2017, wakakuta kila neno la hisia kali za kimaadili, maneno ya jamii ya "aibu" na "uovu", liliongeza kusambazwa kwa ujumbe kwa takriban asilimia 20. Mpole anaandika "inategemea na matumizi yako" na hakuna anayemsambaza.

Kusoma sana hakuponyi. Wahandisi wa kompyuta wenyewe walibishana kwa ukali kuhusu mpangilio wa baiti, yaani mashine ianze kuhifadhi namba kutoka upande gani, mpaka Danny Cohen akaandika waraka wa kuomba amani tarehe 1 Aprili 1980. Kambi hizo mbili alizipa majina kutoka hadithi ya Kiingereza ya mwaka 1726 kuhusu watu wanaopigana vita kwa sababu ya upande wa kupasulia yai. Majina hayo yanatumika kwenye vitabu vya uhandisi mpaka leo. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, alisifika kwa ubora wa kazi na kwa kuwashambulia wenzake kwa maneno, mpaka Septemba 2018 alipoomba radhi hadharani na kupumzika kwa muda. Dan Kahan na wenzake nao walionyesha mwaka 2012, wakipima maoni ya Wamarekani kuhusu mabadiliko ya tabianchi, kwamba wenye uelewa mkubwa wa sayansi na hesabu ndio waliokuwa wamegawanyika zaidi kwa kambi zao. Fundi ana visingizio vingi kuliko mteja, na vyake vina majina ya vipuri.

Nitenge jambo moja hapa, maana neno "upendeleo" nalo limeanza kutumika kama rungu. Si kila kipimo tofauti ni dhuluma. Simu ya milioni 3 ikiganda, mwenye nayo ana haki ya kulalamika kuliko aliyenunua ya laki mbili. Desemba 2017 Apple walipokiri kwamba programu yao inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, waliolalamika zaidi walikuwa na hoja: hawakuambiwa mapema. Apple waliomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Swali la kuuliza ni kama kipimo hicho kilikuwepo kabla ya kujua simu ni ya nani.

Na swali hilo limeshapimwa. Mwaka 1984 Lord na Lepper, wakiwa na Elizabeth Preston, walirudia jaribio lao la adhabu ya kifo kwa kuongeza maelekezo. Kundi moja liliambiwa lisome kwa haki, bila upendeleo, kama hakimu. Haikusaidia kitu, na ukifikiri utaona sababu: kila mtu alikuwa anaamini tayari anatenda haki. Kundi jingine liliambiwa kila likikosoa au kusifu, lijiulize kama lingesema vivyo hivyo iwapo utafiti uleule ungeleta matokeo ya kinyume. Hapo upendeleo ulipungua waziwazi. Kwa mwenye Boxer maana yake ni kumtaja fundi wa oili ya kupima hata siku TVS ndiyo iliyokwama. Swali hilo lina kasoro moja tu, nayo ni kwamba hufanya kazi ukijiuliza mwenyewe. Ukimrushia mwenzako mbele ya grupu zima, "ingekuwa iPhone ungesemaje?", hatajibu. Atapanda juu kutafuta skrinishoti za maneno yako ya zamani.